Unga Begani

9 Septemba

Daktari wa Khorog alimwambia Mohbegim, mke wa mwanangu, kwamba nisitegemee kuiona Navruz, mwaka mpya wetu wa mwezi Machi. Alimwambia mlangoni kwa sauti ya chini, akidhani masikio yangu yamechoka kama moyo wangu. Masikio yangu ni mazima. Yamesikiliza injini miaka arobaini.

Daftari hili nililichukua kwenye karakana ya barabara siku ilipofungwa, Muungano wa Sovieti ulipovunjika. Jalada bado limeandikwa: Fundi Mkuu, Haqnazar. Ndiye mimi, au ndiye niliyekuwa. Nina miaka themanini na mmoja, nilisomea ufundi mjini Frunze, na sasa siwezi kufunga kamba za viatu bila kupumzika katikati. Nitaandika ninachokiona kutoka dirisha hili, bila kudanganya, mpaka mkono ukatae.

11 Septemba

Upepo. Wanapura shayiri. Sikutoka.

14 Septemba, Jumapili

Leo unga wa kwanza wa mwaka umeshuka kutoka kinu cha maji. Anayeupaka, kwa baraka, ni mzee kuliko wote kijijini, yaani mimi: kwenye nguzo za nyumba, kwenye bega la anayesafiri, na kwenye chombo kitakachombeba. Zamani chombo kilikuwa punda. Siku hizi ni pikapu ya Savsan.

Savsan ni mjukuu wangu, binti wa Mohbegim, ana miaka ishirini na sita. Baba yake yuko Moscow anajenga nyumba za watu wengine. Pikapu hiyo kuukuu ya Kijapani ndiyo gari pekee linalopanda kwetu Nimozdara. Jumatatu inashuka na viazi na wagonjwa, Alhamisi inarudi na mafuta, dawa na habari, mpaka theluji ifunge njia mwisho wa Novemba.

Walinishika mikono wakanipeleka uani. Gari lilikuwa linanguruma taratibu, boneti wazi, na Ayombek ameinama ndani yake kama mtu aliyeangusha pete kisimani. Savsan akanisogezea bega la kulia, nikampaka. Akacheka.

"Babu, usimsahau na Fundi wangu."

Fundi wangu! Huyu Ayombek alikuwa akinioshea vipuri kwa dizeli. Mimi ndiye niliyemfundisha upande upi nati inafunguka. Sasa ana miaka sitini na tatu, anajifunza ufundi kwenye video za simu, na yeye ndiye Fundi. Mimi ni Babu.

"Njoo, Ayombek," nikasema.

Akaja, kofia mkononi, akainamisha bega. "Ahsante, Fundi Mkuu."

Mbele za watu huniita hivyo siku zote. Adabu yake inaniudhi kuliko ambavyo ufidhuli ungeniudhi.

Kisha nikalipaka gari na kurusha unga uliobaki. Watu wakapiga makofi. Nilichoka, nikarudishwa ndani.

18 Septemba

Savsan amerudi saa mbili baada ya kawaida, tope mpaka kwenye nyusi. Nyumba ya Ayombek inatazamana na yetu, uwanja mmoja katikati. Alipita kwake kwanza. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Fundi, fowili haiingii! Kwenye Mteremko wa Chemchemi nimesukuma gia, taa ikawa inapepesa tu, haitulii. Magurudumu ya mbele yamekaa kama wageni. Yanatazama ya nyuma yakifanya kazi!"

"Ulishusha mzigo?"

"Nusu. Nimeuacha chini ya mwamba."

Wakacheka, sijui kwa nini. Baadaye akaja kunisalimu. "Babu, umekula?" Basi. Aliniuliza nimekula.

19 Septemba

Ayombek amekagua fyuzi. Nzima.

20 Septemba

Swichi ya gia. Nzima.

21 Septemba

Amefuata waya wote kwa kidole, kutoka kwenye usukani hadi chini. Mzima. Kutwa nzima wako pamoja chini ya gari, miguu minne imechomoza. Chai yangu ya maziwa na chumvi ikapoa mkononi.

24 Septemba

Savsan ameniletea forosadi kavu akaketi chini ya nguzo.

"Babu, wewe unaonaje?"

"Kuhusu nini?"

"Ah, Babu! Kuhusu gari."

"Muulize Fundi wako."

"Yeye ndiye aliyenituma. Kasema, kamuulize babu yako, kichwa chake ni maktaba."

Kwa hiyo hata swali si lake. Nikamwambia nimechoka. Alinifunika miguu akatoka, na mlangoni alikuwa tayari ametoa simu kumpigia mtu aliye hatua arobaini kutoka hapa.

27 Septemba

Leo Ayombek kafanya jambo la maana. Kaweka jeki, magurudumu ya mbele yakaning'inia, Savsan akawasha gari na kuingiza gia. Shafti ya mbele ikazunguka. Maana yake giaboksi inapeleka nguvu, na nguvu inakwama kwenye difu ya mbele, kasha la meno linalogawia magurudumu nguvu. Mimi ningeanza hapo siku ya kwanza.

28 Septemba

Kafungua difu. Meno yote mazima, yanang'aa. Nilimwona amekaa kwenye jiwe anayatazama, mikono magotini. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu niliahidi kutodanganya.

2 Oktoba

Savsan amerudi salama, bila fowili. Barabara bado kavu. Alipoinama kunibusu mkono, shati lake lilinuka unga uliochacha.

"Mama yako kamwaga hamira?"

"Hapana, ni gari, Babu. Injini ikipata moto inanuka kama jikoni kwa Mama. Fundi anasema ni panya wameficha mkate."

Hapohapo nilijua.

Kwenye gari hili difu ya mbele haiingizwi kwa mkono. Injini inavuta hewa kupitia mpira mwembamba, na mvuto huo ndio unaosukuma uma ndani ya difu ushike magurudumu. Katikati ya mpira kuna vali ndogo ya njia moja, haizidi kifundo cha kidole. Siku ya unga Ayombek alikuwa akisafisha mambo ya juu, na mpira ule alikuwa ameuchomoa. Mdomo wake ulitazama juu, injini ikivuta. Unga ukaingia, ukapata unyevu, ukawa donge. Nilitupa unga mimi.

Kulitengeneza ni kazi ya nusu saa na birika la maji ya moto.

Nitamwambia Savsan kesho.

3 Oktoba

Sikumwambia. Ayombek kafungua difu mara ya pili. Wanawake wanaopita na magunia ya viazi walimtania. "Ayombek, umeshalizalisha hilo gari?" Akawajibu, "Bado, mtoto amekaa vibaya!" Kila mtu akacheka. Nilitaka kumwona siku moja tu akishindwa mbele ya mjukuu wangu, bila mzaha wa kujifichia.

6 Oktoba

Sasa Ayombek anasafiri naye. Anakaa nyuma juu ya magunia na kabari kubwa ya mti. Gari likianza kurudi nyuma, anaruka na kuiweka chini ya gurudumu. Savsan kampigia honi mara mbili, naye akapanda kama bwana harusi.

Nimemzuia Ayombek asilitengeneze gari, na malipo yangu ni kwamba yuko na Savsan siku nne kila wiki.

9 Oktoba

Wamerudi. Wanaimba.

13 Oktoba

Asubuhi ndoo ya maji uani imeshika barafu nyembamba. Savsan aliivunja kwa kisigino. Wameondoka.

16 Oktoba

Maji ya chemchemi yanamwagika barabarani na sasa yanaganda. Wamepanda mteremko kwa kumwaga majivu mbele ya magurudumu, hatua kwa hatua, saa tatu. Upande wa kushoto hakuna kitu, ni mto chini kabisa. Mohbegim alipokuwa akinivua soksi aliacha ghafla.

"Baba, wewe ulisomea haya. Hujui kweli?"

"Sijui."

"Binti yangu anapita pale kila wiki."

"Nimesema sijui, mama."

Hakuinua macho. Alikunja soksi moja ndani ya nyingine, akaziweka karibu na jiko zipate joto.

19 Oktoba, Jumapili

Nilimwita Savsan nimwambie. Naapa nilimwita kwa ajili hiyo. Nilishaanza, "Sikiliza, ule mpira..."

Hakunisikia, alikuwa amejaa lake. "Babu, Fundi kasema akizeeka karakana ni yangu! Na vifaa vyote. Kasema hajawahi kuona mkono wenye subira kama wangu."

Chini ya kitanda changu kuna sanduku la vifaa kutoka Frunze. Spana thelathini na mbili, kila moja imefungwa kwa kitambaa chake. Miaka yote nilimwekea yeye na nikasubiri aombe. Leo nimekumbuka kwamba aliomba. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisimama hapo penye nguzo akasema, Babu, nifundishe. Nikamwambia, "Kamsaidie mama yako." Akavuka uwanja. Ayombek akampa spana akashika.

"Ule mpira nini, Babu?"

"Mpira wa mlangoni. Upepo unaingia. Mwambie mama yako auzibe."

Aliuziba yeye mwenyewe.

23 Oktoba

Theluji ya kwanza, haikukaa. Wamerudi. Ayombek anakohoa.

27 Oktoba

Mohbegim kaenda nao kununua unga wa majira ya baridi. Amekuja jirani kunipa chakula. Sina hamu.

30 Oktoba, Alhamisi

Jua limezama hawajafika.

31 Oktoba

Alfajiri amekuja mchungaji wa kondoo kutoka chini na habari. Naandika kama alivyoeleza.

Jana mchana walifika Mteremko wa Chemchemi na magunia ishirini. Majivu waliyomwaga wiki iliyopita yalikuwa yamefunikwa na barafu mpya. Savsan alijaribu mara mbili. Mara ya tatu gari lilipanda mpaka karibu na juu, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, kisha lote likaanza kurudi, kitako kikielekea upande wa mto. Mohbegim alikuwa ndani, upande huo.

Ayombek aliruka. Mara ya kwanza kabari iliteleza kwenye barafu. Akaichukua tena, akapiga magoti nyuma ya gurudumu linalokuja, akaishikilia kwa mkono mpaka gurudumu likaikanyaga. Gari likasimama. Kati ya gurudumu na ukingo, mchungaji anasema, kondoo asingepita.

Mkono wa kulia ulibaki chini ya kabari. Savsan alivuta breki, akashuka, akaweka mawe, akatumia jeki kuinua. Anasema Savsan hakulia. Ayombek ndiye aliyekuwa akimwelekeza. "Polepole, binti. Jeki mbele kidogo. Hapo. Vizuri sana." Kama wako kazini.

Walishusha magunia yote pale pale, wakarudi chini kinyumenyume, wakampeleka hospitali.

Mchungaji alikunywa chai akaenda zake. Mimi nilibaki na daftari hili. Nimesoma tangu mwanzo. Kila mahali nilipoandika jina lake nilitafuta la kumcheka. Mwaka themanini na nne nilimfukuza karakanani kwa kuwa aligundua kosa langu kwenye breki za lori na kuniambia mbele ya vijana. Alikuwa na haki. Aliondoka ameinamisha kichwa, kofia mkononi, vilevile alivyokuja kupakwa unga.

1 Novemba

Wamerudi. Gari tupu, wanaume wote wa kijiji walishuka na sepetu kulisaidia. Ayombek amekatwa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Ni kwa vidole hivyo fundi huonja nati kabla hajaiona.

Savsan hakuja kunisalimu. Alilala na nguo zake.

3 Novemba

Ayombek amevuka uwanja mwenyewe. Mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Mimi ndiye mgonjwa, na desturi inataka mgonjwa atembelewe, kwa hiyo alileta mkate.

"Fundi Mkuu, nimeshindwa," akasema. "Nilikuwa na kiburi. Ningekuja mwenyewe mapema, nisingemtuma mtoto. Nisamehe. Njoo utuoneshe."

Aliniomba msamaha. Kwa mkono ule.

"Kesho," nikasema. "Mniandalie kiti. Na birika la maji ya moto."

Alinitazama kidogo niliposema birika.

4 Novemba

Walinibeba kwa kiti mpaka kwenye gari, blanketi mabegani. Nusu ya kijiji ilikuwa uani. Nikamwambia Savsan awashe, achomoe mpira pale kwenye difu, aweke kidole.

"Inavuta?"

"Haivuti, Babu."

"Fuata mpira juu. Kuna vali ndogo. Ichomoe. Sasa weka kidole upande wa injini."

"Inavuta! Inavuta sana!"

"Basi lete hiyo vali."

Aliipasua kwa kisu ubavuni, kwenye kiungo. Donge la kijivu likatoka, gumu nje, laini ndani. Akalinusa. Aliangalia donge, akaangalia nguzo ya mlango wetu ambako alama za unga wa Septemba bado zipo.

"Ni unga," akasema.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimevuta pumzi. Ayombek akanitangulia.

"Kosa langu," akasema kwa sauti, wote wasikie. "Mpira niliuchomoa mimi, nikauacha wazi siku ya baraka. Mzee angejuaje? Fundi gani anaacha mpira wazi?"

Nami nikatoa ile pumzi bila neno ndani yake.

Waliosha kwa maji ya moto, wakaifunga vali kwa gundi na waya mwembamba. Savsan akasukuma gia. Taa ikapepesa mara moja, ikatulia. Akapeleka gari kwenye tuta la viazi lililolowa, na magurudumu manne yakalima pamoja. Akaruka chini, akanikumbatia na kiti changu.

"Fundi Mkuu! Dakika ishirini! Nyie, mmemwona Fundi wangu?"

Nimeingoja kauli hiyo miaka kumi na minne. Jioni nilimrudishia Mohbegim chai.

6 Novemba

Ananiita Fundi. Mara nne leo.

9 Novemba

Ninarudi tarehe 14 Septemba. Nimeandika hapo kwamba nilirusha unga, na baadaye kwamba mpira ulikuwa wazi. Tarehe 2 Oktoba nimeandika kana kwamba ndiyo siku niliyoutambua mpira. Hilo si kweli, na daftari hili niliahidi kulitunza safi.

Niliuona mpira kabla sijafungua kiganja. Mtu aliyekaa miaka arobaini juu ya injini hawezi kutouona mdomo wazi unaovuta. Bega la Ayombek lilikuwa limetoka kuwa chini ya mkono wangu, na "Fundi wangu" ilikuwa bado hewani. Nilibakiwa na unga wa kiganja kizima. Niliumwaga pale. Nilimtakia gari bovu, nikalitia baraka.

Sikufikiria mteremko. Nilifikiria uso wake tu, atakavyokosa jibu.

12 Novemba

Pumzi fupi. Mohbegim ananiinua na mito mitatu.

13 Novemba

Wamepanda Mteremko wa Chemchemi bila kushuka garini. Savsan anasema Ayombek alikaa mbele, akasinzia.

16 Novemba, Jumapili

Kesho ni safari ya mwisho. Mbingu imeshuka mpaka kwenye mapaa, theluji kubwa iko njiani. Savsan akaja na sahani ya unga, kwa kuwa safari ya mwisho nayo hupakwa. Akapiga magoti kando ya godoro, bega la kulia mbele.

"Haya, Fundi Mkuu."

"Weka sahani chini. Toa lile sanduku chini ya kitanda, halafu usome hapa." Nikampa daftari, kidole kwenye tarehe 9.

Alisoma polepole. Aliporudi nyuma kusoma Oktoba sikumzuia. Mohbegim alikuwa jikoni, kijiko chake kikaacha kugonga sufuria. Savsan alipomaliza alifunga daftari akaliweka juu ya mto.

"Mama alikuwa upande wa mto," akasema.

"Najua."

"Ulijua tarehe kumi na sita. Alikuuliza."

"Ndiyo."

"Na mimi ulitaka nikuite fundi."

Alichukua sahani. Sanduku hakuligusa. Dirishani nilimwona akivuka uwanja, akafika kwenye gari, na kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga boneti. Aliisukuma kwa mikono miwili mpaka ikabana. Kisha akampelekea Ayombek sahani. Walizungumza kwa muda. Savsan alikuwa akionesha huku kwangu, Ayombek akitazama theluji. Mwishowe Ayombek akachota unga kwa mkono wa kushoto, akampaka begani. Akapaka na mlango wa gari, kidogo tu.

Halafu akaja kwangu, peke yake, sahani mkononi. Akaketi.

"Kanieleza," akasema.

"Na wewe ulijua?"

"Nilipoona umeomba birika." Alitazama mkono wake uliofungwa. "Nilikasirika, Haqnazar. Bado nimekasirika. Usidhani nimemaliza."

Miaka yote hii hakuwahi kuniita kwa jina. Nilipumua vizuri kuliko nilivyopumua wiki nzima.

"Mbele za watu ulisema ni kosa lako."

"Kulikuwa na mtoto anafurahi. Ningesema nini?"

Nilimwambia breki za lori, mwaka themanini na nne, alikuwa na haki. Akasema anajua. Kisha akasimama kwenda, akasita, akarudi. Akachovya kwenye sahani vidole vitatu vilivyobaki vya mkono wa kulia, vilivyochomoza kwenye bandeji, na akavikandamiza kwenye bega langu.

"Wewe pia una safari," akasema. "Na aliyekuzidi umri wa kukupaka hayupo."

17 Novemba, Jumatatu

Wameondoka kwenye theluji. Savsan hakuja kuniaga. Alfajiri, kabla ya kutoka, aliingia kimya akidhani nimelala, akavuta sanduku akalifungua. Nilisikia kitambaa kikifunguliwa. Alichukua spana moja, ya namba kumi na mbili, akafunika zilizobaki na kulirudisha mahali pake.

Nilisikiliza mpaka walipofika mteremkoni. Injini haikupandisha sauti kwa kuteleza.

Atarudi Alhamisi. Sijui kama nitakuwepo, na sijui ataniita nani. Mohbegim anataka kukung'uta unga kwenye koti langu. Nimemkataza.